Ukimya Ndani ya Kasha la Katani

Alhamisi, mwezi kumi na tatu Ramadhani. Ukungu mzito umetoka mtoni tangu alfajiri, jua halikuonekana mpaka saa tatu.

Hayo ndiyo maneno niliyoyaandika siku ile katika daftari langu, na chini yake pana karatasi tupu. Siku nyingine zote za mwezi ule nimejaza, hata siku ambazo hapakuwa na jambo ila mbuzi wa jirani kula mashuka yetu. Siku ile sikuthubutu. Niliogopa daftari lisije likasomwa. Sasa Wajerumani wamekwenda zao na mimi ni mzee, nimeona niujaze ule ukurasa. Sikusoma sana, miaka miwili isiyotimia katika shule ya serikali kule Handeni, na kabla yake chuo cha Kurani huko kwetu Sindeni. Kwa hiyo pale nitakapokosea, msomaji anisamehe. Na pale nisipokuwa na hakika nitasema kwamba sina hakika.

Nilikuwa karani wa ghala katika shamba la mkonge upande wa pili wa mto, karibu na Korogwe. Mto ule wengine huuita Pangani, sisi Wazigua tunauita Ruvu. Kazi yangu ilikuwa kukaa mezani na kuandika kila robota la katani linalotoka katika mashine ya kushindilia, uzito wake na namba yake, kabla halijapelekwa stesheni kwenda Tanga. Kaka wa mke wangu, ambaye kwetu namwita mlamu, ndiye aliyeshika mkono wa mashine ile. Mimi ndiye niliyemtafutia kazi hiyo. Hilo nalo liandikwe.

Lazima nieleze mashine ilivyokuwa, maana bila hivyo hakuna atakayeelewa. Palikuwa na kasha kubwa la mbao nene lililofungwa vyuma, kina chake mpaka kifuani mwa mtu. Wabebaji wawili, Wasambaa wa mlimani, walileta katani kavu kwa mikumbato na kuitupa ndani. Ndani ya kasha alisimama mtu mmoja akiikanyaga kwa miguu ili ilale vizuri. Kasha likijaa, mkanyagaji anaruka nje, na mshika mkono anavuta. Akivuta, mkanda unahamia kwenye gurudumu la kazi, na bamba la chuma linashuka kutoka juu kwa nguvu ya injini ya moshi iliyokuwa nje ya ukuta. Bamba lile halikupiga kelele nyingi. Lilishuka kama mtu mzito anayekaa kitini. Katani iliyokuwa imefika kifuani ilibaki chini ya goti.

Sasa, mshika mkono alisimama nyuma ya nguzo nene ya chuma. Kutoka pale hakuliona kasha, isipokuwa ainame na kuchungulia upande. Mimi mezani kwangu nililiona kasha lote, na uso wa mkanyagaji nikauona wazi. Lakini kutazama haikuwa kazi yangu.

Mtu atauliza, basi mlamu alijuaje kwamba mkanyagaji ametoka? Ajabu ni kwamba hatukuwahi kujiuliza. Mkanyagaji alikuwa Mnyamwezi, mtu aliyekuja kwa miguu kutoka bara kabisa, na Wanyamwezi na sisi Wazigua ni watani tangu zamani za misafara. Mtu yule hakuweza kukanyaga bila kuimba. Alianza wimbo mguu wake wa kwanza ulipogusa katani, Wasambaa wakamwitikia, na alikata wimbo pale miguu yake ilipogusa sakafu nje. Hapo mlamu alivuta. Ilikuwa hivyo kila siku, mwaka mzima na zaidi. Hakuna aliyesema kwamba wimbo ndio ishara. Bwana shamba, Mjerumani aliyelisimamia shamba lile, hakusema, mnyapara hakusema, wala sisi. Ulikuwa wimbo tu.

Na nyimbo zenyewe zilikuwa za kututukana sisi. Mmoja naukumbuka:

Mzigua kalima, kalima shamba la jiwe,
Eeh, la jiwe!
Kavuna kivuli, kakiweka ghalani,
Eeh, ghalani!

Huo ndio uliokuwa na adabu. Mingine siwezi kuiandika. Ramadhani ilipoandama nilimwendea asubuhi ya siku ya kwanza, kabla injini haijashika moto. Nikamwambia, "Mtani, sisi tumefunga. Maneno yako yanatuharibia saumu. Mwezi huu tuachie masikio yetu."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Nyie Wazigua! Njaa imewafika hata masikioni?"

"Nakuomba, mtani."

"Basi nami nitafunga," akasema. "Nyie mtafunga tumbo, mimi nitafunga mdomo. Tuone nani atapata thawabu zaidi."

Akanyamaza kweli. Ni mtu aliyeshika neno lake. Mlamu naye, kwa kuwa hakusikia wimbo, akaanza kuinama na kuchungulia kila robota kabla ya kuvuta. Hakuna aliyemwambia, alifanya mwenyewe. Siku kumi na moja zilipita hivyo, na mimi nilifurahi kwa utulivu wa ghala, nikajiona nimefanya jambo la dini.

Siku ya kumi na mbili, Jumatano, alasiri, mtani alisahau. Nadhani alikuwa na furaha, maana asubuhi alikuwa ameniambia kwamba mwezi ujao angerudi kwao. Akaanza polepole, kama mtu anayejiimbia, "Mzigua kalima, kalima shamba la jiwe." Wasambaa nao wakaitikia, kwa mazoea. Kasha lilikuwa limejaa mpaka juu, naye amesimama juu ya katani, miguu yake imelingana na ukingo. Akaniangalia. Mimi nikainua kalamu.

Nimejiuliza mara nyingi kama niliinua kalamu kumkataza, au niliinua tu ili niichovye wino. Ningependa iwe ya pili. Lakini kidau cha wino kilikuwa chini kushoto, na kalamu niliinua juu, usawa wa midomo. Basi ilikuwa kumkataza. Akaona. Akaziba mdomo kwa kiganja, macho yakicheka, kama mtu aliyeshikwa na kosa dogo, akanyamaza katikati ya neno.

Nyuma ya nguzo mlamu alisikia wimbo, kisha akasikia wimbo umekatika. Akavuta.

Sitaandika yote. Mtani aliona kivuli cha bamba na akaruka. Alitoka mwili mzima isipokuwa mguu wa kulia, nao ulibanwa baina ya bamba na ukingo wa kasha, chini ya goti. Sauti yake sikuisikia, au niliisikia na nimeisahau. Nilichosikia ni Msambaa mmoja akipiga kelele, "Rudisha! Rudisha!" na mlamu akiurudisha mkono haraka mpaka akaanguka nao.

Walimbeba kwa kitanda cha kamba mpaka stesheni ya Korogwe, kuwahi treni ya kwenda Tanga hospitali. Nilitembea pembeni nikimshikia mwavuli. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu, lakini alinitazama akasema, "Mtani huzika mtani, ndiyo ada yetu. Ila nyie mmeanza na mguu."

Mnyapara akamwuliza, mbele yangu, "Ulikuwa bado ndani ya kasha kwa nini? Kitu gani kilikuzuia kutoka?"

Mtani akanitazama tena. Alijua. Akasema, "Iulize mashine." Akafumba macho.

Bwana shamba alikuja ghalani kabla jua halijatua. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kusema Kiswahili cha kueleweka, na lazima niseme haki yake, katika muda wote nilipokuwa pale sikumwona akimpiga mtu kwa hasira. Alipiga kwa hesabu. Alimwuliza mlamu kwa nini alivuta. Mlamu akasema, "Bwana, sijui. Mkono ulikwenda."

"Mkono hauendi peke yake. Ulilala?"

"Sikulala, bwana."

"Umefunga. Hukula, hukunywa. Umelala umesimama."

"Sikulala."

Akafungiwa katika chumba cha kuwekea kamba nyuma ya ghala. Bwana akaandika barua kwa bwana shauri, mkuu wa serikali wa wilaya, hukumu yake tukaijua kabla haijatolewa. Tulikuwa tumekwisha kuona wengine. Hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano mgongoni, kisha mnyororo miezi sita, kuvunja mawe barabarani. Askari wangekuja kumchukua Alhamisi adhuhuri.

Nilirudi nyumbani, nikamweleza mke wangu kila kitu isipokuwa kalamu. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu, "Kaka yangu si mlevi, si mvivu. Kwa nini alivuta?" Nikasema sijui. Huo ulikuwa uongo wa kwanza niliomwambia katika nyumba ile, na niliusema bado sijafuturu.

Basi Alhamisi ile ya ukungu nilivuka mto mapema. Kivuko chetu kilikuwa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, na ukungu ulikuwa mzito hata sikuona ng'ambo. Nilisikia injini inawashwa upande wa pili, pu, pu, pu, kama kitu kinachonisubiri. Nilikuwa na hofu mbili na sikujua ipi kubwa. Nikinyamaza, mlamu anachapwa na kufungwa kwa kosa ambalo nusu yake ni langu, labda zaidi ya nusu. Nikisema, mimi ndiye nitakayelala kifudifudi. Tena si kiboko tu. Vita vya kusini vilikuwa vimekwisha miaka si mingi, na Wajerumani walikuwa wakisikia harufu ya njama katika kila jambo. Karani anayewaamuru wafanyakazi kunyamaza kwa ajili ya dini, wangemwitaje? Na wakikataza watu kufunga kwa sababu yangu, ningewatazamaje watu msikitini?

Nilipita chumba cha kamba. Mlango una tundu la kupitishia hewa. Nikaita, "Mlamu."

"Naam."

"Umeamkaje?"

"Nimeamka. Nimekula daku ya panya," akasema. Alijaribu kucheka. Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Mlamu, wewe ulikuwa unaona. Niambie kweli. Nilisinzia?"

Nikashika mlango. Nilitaka kumwambia pale pale. Nikasema, "Hukusinzia," nikaondoka upesi kama mwizi.

Bwana shamba alikuwa mezani kwangu, anatazama daftari la ghala. Mnyapara amesimama nyuma yake. Mnyapara yule alikuwa mtu wa pwani, hakutupenda sisi wa bara, lakini kazi aliijua. Nilimwamkia bwana, nikabaki nimesimama. Akasema bila kuinua macho, "Nini wewe?"

Nikasema yote. Sikusema kwa mpango mzuri. Nilianzia mwisho, nikarudi nyuma, nikasema kalamu kabla ya kusema wimbo, mpaka akaniinulia mkono akasema, "Polepole. Tangu mwanzo." Nikaanza tena.

"Nani aliyeamuru waache kuimba?"

"Mimi, bwana."

"Tangu lini karani anaamuru?"

"Sikuamuru, bwana. Niliomba. Lakini aliona kama ameamriwa, kwa heshima."

Mnyapara akasema, "Bwana, huyu ni shemeji yake. Anataka kumtoa."

Na hakusema uongo. Nilitaka kumtoa. Nikasema, "Ni kweli, bwana. Ni kaka wa mke wangu. Lakini na haya pia ni kweli."

Bwana akafunga daftari. Nilisikia injini kupitia nyayo zangu. Kisha akasema, "Mtu mzima havuti chuma kwa sababu ya wimbo. Hiyo ni hadithi."

"Si hadithi, bwana."

"Basi onyesha."

Sikuelewa. Akasema, "Ingia katika kasha. Wewe utakanyaga. Yeye atavuta. Fanyeni kama mlivyofanya kabla ya Ramadhani. Nitaona."

Nilitaka kusema kwamba sikumaanisha hivyo. Wallahi, nilitaka kusema lolote. Mnyapara alikuwa anatabasamu. Wasambaa wawili walisimama wakitazama sakafu. Bwana akamtuma mnyapara amlete mlamu kutoka chumba cha kamba.

Mlamu aliingia akipepesa macho kwa mwanga. Bwana akamwambia, "Shika mkono wako. Leo utachungulia kabla ya kuvuta. Umesikia?"

"Nimesikia, bwana. Nitachungulia."

"Anayekanyaga ni shemeji yako."

Mlamu akanitazama, akatazama kasha. Midomo yake ilikauka, naona mpaka leo. "Bwana, mweke mtu mwingine."

"Yeye ndiye aliyetaka," bwana akasema.

Nikavua kanzu, nikafunga shuka magotini, nikapanda. Kasha lilikuwa limeoshwa lakini si vizuri. Ukingo ule wa upande wa kulia ulikuwa na alama nyeusi, nikaweka miguu yangu mbali nao kama mtoto anayekwepa siafu. Juu yangu bamba. Nilikuwa nimeliona kwa mwaka mzima kutoka mezani na sikujua kwamba kwa chini lina matundu, na matundu yale yana nyuzi za katani zilizonasa, zinaning'inia na kucheza kwa mtikisiko wa injini.

Wasambaa wakatupa mkumbato wa kwanza. Nikaanza kukanyaga. Bwana akasema, "Imba!"

Sikujua wimbo mwingine wa kazi ile. Nimefunga, mwezi mtukufu, karani mwenye kusoma, nikaanza kuimba wimbo wa kututukana. "Mzigua kalima, kalima shamba la jiwe." Sauti yangu haikuwa na nguvu. Wasambaa wakaitikia taratibu, kisha wakazoea, na miguu yangu nayo ikazoea. Mkumbato kwa mkumbato nikapanda juu. Kasha likajaa. Nikaruka nje, nikakata wimbo, mlamu akachungulia, akavuta. Bamba likashuka, robota likawa robota. Mnyapara akasema, "Haya, mbona anachungulia?" Nikasikia aibu, na nasikitika kusema nikasikia pia nafuu.

"Tena," bwana akasema.

Robota la pili vivyo hivyo. La tatu vivyo hivyo. Kufikia la nne sote tulikuwa tumeingia katika kazi, jasho linatoka, wimbo unakwenda wenyewe, na Msambaa mmoja alianza kuongeza maneno yake ya Kisambaa, mwenzake akacheka. Ilikuwa kama siku za kawaida. Ndipo la tano, kasha limejaa, nimesimama juu na miguu imelingana na ukingo, nikamwona bwana shamba amesogea mahali ninapomwona mimi tu. Akainua kidole, akaweka midomoni.

Nilielewa. Hapo nikaomba radhi kwa Mungu kwa yote, nikakata wimbo katikati ya neno, nikabaki ndani.

Nataka nieleze ukimya ule lakini siwezi vizuri. Injini ilikuwa inalia, mkanda unapiga, lakini ndani ya hayo yote palikuwa na tundu, mahali wimbo ulipokuwa. Nilihesabu moja. Kisha nikasikia nyuma ya nguzo mlio wa chuma ukigonga, ko!

Niliruka. Nilianguka sakafuni kwa mikono na magoti, nikajiviringisha, nikashika miguu yangu yote miwili. Ilikuwapo. Nikatazama juu, bamba halijasogea hata kidogo.

Bwana alikuwa ametia kipande cha gogo chini ya mkono wa mashine, baina yake na sikio la chuma ambapo mkono huishia ukivutwa, bila kumwambia mtu. Mkono ulikuwa umekwenda kiasi cha shubiri moja tu ukagonga gogo. Alama yake niliiona baadaye, mbichi, nyeupe. Sijui alilitia lini. Labda tulipoinama sote, mlamu naye, kulitoa robota la nne. Simlaumu kwa kutoniambia, maana kama ningejua nisingenyamaza vile, na mlamu angesikia katika sauti yangu. Lakini pia sikumshukuru.

Mlamu alikuwa ameuacha mkono. Amesimama amevishika viganja vyake mwenyewe, kimoja kwa kingine, kama anayeshika kuku asikimbie. "Nilijiambia nitachungulia," akasema. "Mlamu, nilijiambia. Nilikuwa nataka kuchungulia. Mkono umetangulia."

Mnyapara hakutabasamu tena. Akasema kwa sauti ndogo, si kwa bwana bali kwetu, "Hata mimi nilidhani ametoka."

Bwana shamba akautazama mkono wa mashine, kisha kasha, kisha mimi niliye sakafuni. Akasema maneno machache kwa Kijerumani ambayo sikuyaelewa. Askari walipofika adhuhuri, aliwapa chai na kuwarudisha na barua nyingine. Mlamu akaachiliwa. Yeye mwenyewe akasema hatagusa mkono ule tena, na hakuugusa. Akapewa kazi ya kuanika katani uwanjani, juani, nayo akaikubali kana kwamba ni zawadi.

Mimi bwana aliniita mezani. Alikuwa amekwisha kuita karani mwingine kutoka ofisini. Akasema, "Wewe unajua sasa ukimya ni nini. Utashika mkono."

Nikasema, "Bwana, mimi ni karani."

"Ulikuwa."

Akaweka sheria mpya: mkanyagaji aimbe, Ramadhani au si Ramadhani, wimbo wowote, lakini akitoka aje asimame mbele ya nguzo, mshika mkono amwone miguu yake yote miwili sakafuni, ndipo avute. Ilikuwa sheria nzuri. Ningeifikiria mimi siku ya kwanza ya mwezi, mtani angekuwa na miguu miwili. Walimkata chini ya goti huko Tanga, akapona, na alirudi kwao mwaka ule ule kwa magongo na msafara wa wenzake. Alipita Korogwe. Niliambiwa aliniulizia. Siku ile nilikuwa zamu, au nilijifanya niko zamu, kwa hili kumbukumbu yangu haisimami imara.

Alasiri ile nilivuta mara sita. Mmoja wa Wasambaa aliingia ndani ya kasha kukanyaga, akaimba nyimbo za kwao za mlimani ambazo sikuzielewa, na kila alipotoka alikuja mbele yangu akasimama wima, vidole vya miguu vimetanuka juu ya mbao. Nilitazama mguu wa kulia, nikatazama wa kushoto, nikarudia wa kulia. Nikasema, "Inua." Akainua mmoja mmoja, ananicheka. "Unanunua punda, karani?" Sikucheka. Nilivuta kila mara nimefumba macho, na kila mara nilisubiri sauti ambayo haikuja. Nilikaa katika kazi ile miaka mitatu, na sijui kama kuna siku niliyovuta bila kuisubiri.

Jioni tulivuka mto pamoja, mlamu na mimi. Ukungu ulikuwa umekwisha zamani. Katikati ya maji nilimwambia habari ya kalamu. Nilidhani atanipiga, na ningemwacha. Alitia mkono wake majini, akauacha ukiburutwa na maji mpaka tukakaribia ng'ambo. Akasema, "Nimekusikia." Kisha akasema, "Dada yangu umemwambia?"

"Bado."

"Mwambie kabla ya kufuturu."

Nilimwambia, nimesimama mlangoni, yeye anakoroga chungu. Hakugeuka. Aliendelea kukoroga muda, kisha akasema, "Kaeni, magharibi inaadhiniwa." Mlamu alikaa mkekani upande wangu, si upande wa dada yake. Tulifuturu kwa uji wa mtama usio na sukari, kisha bada, ugali wa muhogo, kwa mchunga, mboga chungu iliyotiwa karanga, na kipande kimoja cha kambale mkavu, ambacho mke wangu alikigawa sehemu tatu sawasawa.